Njahi za Mzazi

Jumapili, Julai 4, 1971

Baridi. Nimevaa sweta mbili na kofia ya kulalia, na ni mchana. Mlima hauonekani. Wenyeji wananiapia upo. Tangu nihamishiwe bohari ya serikali hapa Nyeri nimeuona mara moja tu, nikadhani ni wingu lililokwama.

Barua imefika kutoka Mombasa. Subira anakuja Ijumaa! Mke wangu wa ujana, mama wa watoto wangu, nyanya wa wajukuu wangu. Anasema anakuja "kutazama". Ndilo neno alilolitumia, na ninamjua Subira: akitazama, kitu hutazamika. Akikuta nyumba yenye chakula cha kueleweka, atakaa nami mpaka nistaafu. Akikuta mumewe anaishi kwa mkate na chai, atarudi Kisauni kwa dada yake, nami nitabaki huku kama kigingi cha mbuzi aliyekwisha kuchinjwa.

Ugumu ni kwamba nimekuwa nikimwandikia habari za soko. Nimemwandikia kuwa najulikana sokoni. Kwamba wachuuzi hunifichia vitu vizuri. Kwamba nikikohoa tu, safu ya ndizi inageuka. Ukweli ni kuwa soko lenyewe sijaliingia. Nimelipita. Naishi kwa mkate na chai.

Si neno. Mwanamume wa Mombasa huzaliwa na kikapu mkononi. Kwetu mume ndiye aendaye marikiti asubuhi, akamchagua samaki kwa kumtazama macho, akarudi nyumbani na sifa. Jumanne ni siku ya soko. Nitaingia, nitashinda, nitatoka. Soko ni soko.

Jumanne, Julai 6

Soko si soko.

Wanawake peke yao! Safu kwa safu, vilemba kwa vilemba, na katikati yao mimi na kikapu changu. Wanaume niliowaona ni watatu: mmoja akiuza mbuzi nje ya ua, mmoja akikata ushuru langoni, na mmoja asiye na akili timamu aliyekuwa akimhutubia punda. Wote walinitazama kwa huruma. Hata punda.

Niliulizia samaki. Mama niliyemwuliza akamwuliza jirani yake, jirani akaita wengine, ukawa mkutano. Jibu likaja kwamba nyoka wa maji hapa hawauzi, na je, ni kweli sisi huwala? Nikasema huwala hata kichwa, na macho tunayagombania. Safu nzima ya viazi ikarudi nyuma.

Nazi hakuna. Mbaazi sikuziona. Hapo moyo ulinizama, maana Subira asiyepata mbaazi za nazi asubuhi si Subira, ni kesi.

Ndipo nikaziona. Kunde za ajabu, nyeusi tititi, kila moja na kistari cheupe ubavuni. Njahi, wanaziita. Nikasema nafsini mwangu: hizi ni mbaazi zilizovaa buibui. Hila ikanijia papo hapo, kamili. Njahi badala ya mbaazi. Ndizi mbivu zipondwe ndani kuleta utamu wa nazi. Na badala ya samli, pande jeupe la mafuta ya kondoo kutoka bucha ya pembeni. Nani mwingine angewaza hivyo? Nilianza na bucha, nikaenda kwa ndizi, kisha nikazirudia njahi.

Muuzaji wake anaitwa Kagure. Mama wa makamo, kilemba cha kijani, sauti ya mtu aliyezoea kumwita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mwanzoni alikuwa mkali. Niliminya parachichi lake kujua kama limeiva, akanipiga kofi la mkono mbele za watu, kama mtoto aliyedokoa. Kisha nikasema nataka njahi, makopo mengi. Akaniangalia. Akaangalia ndani ya kikapu. Akaona ndizi mbivu, akaona mafuta ya kondoo. Uso wake ukageuka kabisa, ukawa uso wa shangazi.

Akauliza mama wa nyumbani anaendelea namna gani. Nikasema Alhamdulillahi, hajambo, ila miguu imevimba kidogo (ndivyo barua ilivyosema). Akasikitika kwa ulimi. Akajaza kopo mpaka likafanya kilima, akaongeza nyongeza, akaongeza nyongeza ya nyongeza. Akauliza nani atapika. Nikasema mimi mwenyewe. Akawaita wenzake waje wanione.

Nimetoka na kikapu kizito, nikisindikizwa kwa macho ya mapenzi. Sijui kwa nini nilikawia miezi yote hii. Nina kipaji.

Jumatano, Julai 7

Nimeduwaa. Naandika ofisini, mlango nimeufunga.

Mwenzangu Hezekiah, mtu wa Tetu, ambaye tunagawana meza moja na sukari yangu, ameweka kalamu chini asubuhi na kunipa mkono wa pongezi. Nikauliza ya nini. Akasema mkewe alikuwa sokoni jana, na mji mzima unajua.

Unajua nini?

Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza madereva fomu za petroli. Hapa kwao mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua, hupikiwa njahi. Zinapondwa na ndizi mbivu. Anapewa na mchuzi wa mafuta ya kondoo, apate nguvu na maziwa yashuke. Na mwanamume hashiki kikapu sokoni hata awe anakufa njaa, ila kama mkewe yuko kitandani na hana mtu wa kumsaidia. Kwa hiyo mwanamume akinunua hivyo vitu vyote pamoja, kwa mkono wake mwenyewe, hana haja ya kusema kitu.

"Wewe umeshatangaza," Hezekiah akasema. "Hata ungepiga tarumbeta hapo kwa stendi, haingeshinda hiyo."

Mtoto! Subira ana miaka hamsini na mbili. Akizaa, watakuja watu wa gazeti.

Kesho ni siku ya soko tena. Nitakwenda kusahihisha. Mtu mzima haachi uongo utembee mjini umevaa jina lake.

(Jioni. Nimejaribu kuchemsha njahi kidogo. Makaa yamekwisha, njahi bado. Nimelala na mkate na chai.)

Alhamisi, Julai 8

Nimekwenda kusahihisha. Mungu ni shahidi kwamba nia ilikuwepo. Sentensi yenyewe niliitunga njiani, fupi, ya heshima, na niliirudia mpaka langoni.

Kagure aliniona kwanza. Nikapishwa njia. Nikapewa kiti, yaani gunia la viazi, lakini la mbele. Kabla sijavuta pumzi kikapu kilikuwa kimechukuliwa na kinajazwa na mikono nisiyoijua: nduma, mayai, terere, yaani mchicha wao, kabeji ngumu kama kichwa cha askari, maparachichi yaleyale niliyopigiwa kofi juzi. Kila mmoja alitaka apunguze bei kuliko mwenzake. Wengine hawakutaka hata senti.

Nikafungua mdomo niseme sentensi yangu. Kagure akauliza wakati huohuo kama ni kijana ama ni msichana. Na mdomo, ambao tayari ulikuwa wazi, ukasema ni msichana.

Nilisikia sauti. Ilikuwa yangu. Sijapata kushtuka hivi katika maisha yangu.

Wakapiga vigelegele vitatu. Ndivyo vya msichana. Mvulana hupata vitano. Nilijuta kidogo kwa nini sikusema mvulana. Kisha wakauliza jina. Kagure akanieleza kuwa desturi yao msichana wa kwanza anachukua jina la mama mzazi wa baba, je, sisi vipi? Sasa mama yangu, Mungu amrehemu, aliitwa Mwanasiti. Ningefanya nini? Nimvunjie mama yangu heshima mbele ya soko zima? Nikasema Mwanasiti. Kagure akajifuta jicho kwa ncha ya kilemba.

Nimetafakari njia nzima ya kurudi, mikono ikiniuma kwa uzito, na nimeona hakuna tatizo. Subira atakuja kesho, atakuta jiko limejaa, ataridhika. Wiki ijayo nitasema mama na mtoto wamekwenda pwani kukimbia baridi. Watoto husafiri.

Kagure alisema watakuja kumwona. Nikasema karibuni. Lakini hilo ni neno la adabu tu. Kwetu unamwambia mtu karibu, naye anajua asije.

Ijumaa, Julai 9

Subira ameshuka stendi na buibui lake, sanduku lililofungwa kamba, chupa ya achari na kapu la nazi. Jambo la kwanza aliuliza mlima uko wapi. Nikaonyesha upande mmoja. Nadhani ulikuwa upande wenyewe.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni. Akafunua hiki, akabonyeza kile. Akapima nduma mkononi. Akanusa mayai. Mimi nilisimama nyuma kama mtahiniwa. Mwishowe akageuka.

"Baba Omari," akasema, "kumbe barua zako zilikuwa za kweli."

Sentensi hiyo nimeingoja tangu tufunge ndoa.

Nikapika njahi kwa nazi yake. Akaonja, akasema mbaazi hizi zina ubishi, akaomba sahani ya pili. Akauliza nimefanyaje hata watu wa bara wakanipenda hivi. Nikasema ni uso tu.

Sanduku hajalifungua. Limesimama karibu na mlango, kamba zake zote mahali pake. Amesema atalifungua kesho akiamka moyo wake umetulia. Nami nimelitazama sanduku lile kama mtu anavyomtazama hakimu.

Jumamosi, Julai 10

Ya Rabbi.

Nilisikia nyimbo kwanza. Nikadhani kuna harusi jirani, hapa mtaani Majengo haikosi. Nikachungulia dirishani nikaona kilemba cha kijani. Nyuma yake mstari mrefu wa kina mama, kila mmoja na mzigo wa kuni mgongoni, ukanda kipajini, na wengine madebe ya maji, na wa mwisho amekumbatia kibuyu kikubwa cha uji mchachu kama aliyembeba mfalme.

Nilitafuta pa kutokea. Nyumba ina mlango mmoja. Mlangoni alisimama Subira.

Nikaingia nyuma ya pazia la jikoni. Pazia ni fupi. Miguu yangu ilionekana muda wote, nimeambiwa baadaye.

Kagure alitua kuni zake, akamshika Subira mikono yote miwili, akampongeza na kumwita cucu. Subira akauliza cucu ni nani. Akaambiwa ni nyanya, nyanya wa mtoto. Na kwa kuwa Subira ni nyanya wa kweli, wa wajukuu wengi, hakuona kosa. Akashukuru. Akawakaribisha. Nyuma ya pazia nilianza kuamini kuwa Mungu ananipenda.

Kisha Kagure akasema, "Sasa mtoto iko wapi? Tuonyeshe Mwanasiti, cucu. Na huyo mama yake. Mzee alituambia bado miguu imevimba."

Nilisikia uji ukichemka wenyewe ndani ya kibuyu.

Subira alilitamka jina la mama yangu polepole, silabi moja moja. Hakuna mwanamke wa Mombasa asiyejua maana yake: mume amehamishwa mbali, nyumba imejaa chakula, na kuna mtoto mchanga aliyepewa jina la mama mkwe. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Shariff," akaliambia pazia, "toka."

Tangu tuzae hajaniita jina langu tupu. Nilitoka.

Alianza kutafuta. Akatazama chini ya kitanda. Akafungua kabati. Akaenda chooni, akaenda hata kwenye banda la kuku la jirani. Na wale kina mama, wakidhani mzazi amepotea katika hali yake ile, wakamfuata wakimsaidia kutafuta, wengine wakiita kwa upole kwamba asiogope, wamekuja na uji. Nimeyaona mengi, lakini kumwona mke wangu akiongoza msafara wa kumtafuta mke wangu mwingine, hilo sikulitazamia.

Aliporudi alikwenda kwenye sanduku. Halikuhitaji hata kufungwa. Akalinyanyua.

Nikasema. Yote. Mbele ya watu. "Hakuna mtoto. Hakuna mama. Nilitaka njahi tu, nikapewa na mengine."

Subira akanitazama, sanduku mkononi. "Umemtaja mama yako kaburini kwa ajili ya maparachichi?"

Nikasema na nduma pia. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilidhani ukweli ukishaanza, basi uwe kamili.

Kagure ikabidi awatafsirie wenzake wasiojua Kiswahili. Ilichukua muda. Waliomba sehemu ya pazia irudiwe. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Wakakaa chini uani wakafanya baraza. Subira alisubiri amesimama. Alitaka kuondoka, lakini alitaka pia kusikia hukumu. Mama mmoja akamsogezea kigoda. Ili akae, akatua sanduku.

Hukumu ilisomwa na Kagure. Kuni za mzazi zikishafika mlangoni hazirudishwi. Uji wa mzazi haumwagwi. Wametoka na mizigo hii tangu asubuhi, wengine kutoka kule karibu na Mukurweini, na hawarudi nayo. Kwa hiyo ni lazima mzazi awepo.

"Mzazi ni wewe," akaniambia. "Kaa chini."

Nikafungwa kilemba. Nikafunikwa blanketi. Nikakalishwa kitandani na mto mgongoni. Njahi zangu zilezile zikapondwa na ndizi mbivu, zikaletwa kwenye beseni, na nikalishwa kwa mkono, mama mmoja akichoka mwingine anashika zamu. Kisha mchuzi wa mafuta ya kondoo, kikombe kwa kikombe. Kisha uji mchachu, ambao ukiumeza na wenyewe unakumeza. Kila aliyeingia aliniuliza kwa adabu kama maziwa yameshashuka.

Nilimtafuta Subira kwa macho. Alikuwa amesimama pembeni, mtandio mdomoni, mabega yakitikisika. Nikajua analia. Nikaona nimeiua ndoa yangu kwa kabeji. Akaja taratibu, akaomba bakuli la uji, akakaa ubavuni mwangu.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Usione haya. Uchungu umekwisha."

Halafu akashindwa. Alicheka mpaka akateleza kitandani akaketi sakafuni, na Kagure naye akaketi pale pale, na nyumba nzima ikafuata. Nilikuwa peke yangu nisiyecheka. Mzazi hatakiwi kujitikisa.

Faini: kondoo dume aliyenona, ataliwa na wao wenyewe, mimi sitaonja. Na nisikanyage soko la Nyeri mpaka Mwanasiti aote meno.

Jumapili, Julai 11

Tumbo. Sitaeleza zaidi.

Sanduku limefunguliwa! Nimeamka nikakuta kanga zake zimetundikwa kwenye kamba yangu ya soksi. Nilitaka kumshukuru kwa kunisamehe. Akasema hajanisamehe, bado anafikiri. Lakini hajapata kuona wanawake wakibeba kuni kutoka mlima huu hadi mlima ule kwa ajili ya mgeni wasiyemjua hata sura. Mahali penye majirani namna hiyo, anasema, mtu anaweza kukaa mpaka azeeke. Mume ni nyongeza tu.

Mchana Kagure akaja baada ya kanisa, kumfundisha kupika njahi zilainike. Wamekaa jikoni mpaka jioni, yule na Kiswahili chake cha huku, huyu na cha kwetu. Nikiingia wananyamaza. Nikitoka wanacheka.

Nilidhani kwa vile wameshaelewana, Subira atakuwa anakwenda sokoni na rafiki yake. Hataki kusikia. Kwao mume ndiye aendaye sokoni, baba yake alikwenda, na babu yake alikwenda, na yeye hatakuja kubadilisha mila kwa sababu ya baridi. Soko la Nyeri nimefukuzwa? Basi Karatina ipo. Jumanne nichukue ruhusa kazini.

Nimeapa mbele yake, mkono kifuani, kwamba sitamdanganya mchuuzi yeyote tena maisha yangu yote. Nimeapa kwa moyo. Yaliyonipata yamenitosha.

Jumanne, Julai 13

Karatina. Soko kubwa kuliko nilivyowaza. Macho yanachoka kabla ya miguu. Nilikwenda kwa unyenyekevu. Sikunyoa ndevu, wembe Subira aliutumia kukatia uzi. Kanzu haikupigwa pasi, makaa ya pasi walipikia njahi. Nilizipita njahi kama mtu anavyompita polisi. Ndizi mbivu sikuzitazama. Nilitaka karoti tu.

Muuzaji ni bibi mmoja anaitwa Murugi, mpole, meno machache. Alinitazama ndevu. Akaitazama kanzu. Akakitazama kikapu na mkono wa kiume uliokishika. Kisha akashika mkono huo, akaniambia pole sana, baba, kifo hakina huruma, na wanawake wazuri ndio Mungu huwachukua kwanza.

Nilishtuka mpaka kikapu kikaanguka. Nikafungua mdomo kumsahihisha, kwa nguvu kabisa, kwa maana kiapo ni kiapo. Akaniwekea kabeji.

Nikashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ya kawaida, ya mtu aliyeinama kuokota kikapu. Akaongeza karoti.

Nikashusha nyingine, ya majaribio. Vitunguu.

Sikusema neno hata moja la uongo. Sikusema neno kabisa. Nimerudi Nyeri na mzigo ambao kondakta alinisaidia kuupandisha, na Subira amefurahi kiasi kwamba ameanza kuniita tena Baba Omari. Anasema Alhamisi atafuatana nami Karatina, akamwone huyo bibi mkarimu, amshukuru mwenyewe.

Nimelifikiria jambo hili nikinywa chai, na sioni ugumu wowote. Nitamtambulisha kuwa ni dada wa marehemu.